Ukuta Niliotaka Kuuvisha

Nakumbuka asubuhi moja, Mwanangu, miaka ile ya elfu mbili mwanzoni, mwashi, Mkongo mwenzetu, amesimama mbele ya nyumba yetu ya Jette, huku ughaibuni, na ndoo ya saruji, akingoja neno langu. Nyumba ilikuwa ndogo, kuukuu, ya matofali mekundu yasiyopigwa lipu, nami niliionea haya. Kwetu Lubumbashi, matofali matupu ni nyumba ya mtu aliyeishiwa katikati ya ujenzi. Na mama yangu alikuwa amekuja kutoka huko kuona mtoto wake amefika wapi.

Wiki hiyo mimi na yeye tulikuwa tumetoka kwa dada yangu, kijijini Uingereza. Mpaka leo sijui kama ya huko niliyaona au niliyaota. Ukungu, na nyumba fupi fupi za matofali, kuukuu kuliko kumbukumbu ya ukoo wetu, hazijavishwa kitu. Tofali moja limelala ubavu, linalofuata limetoa kichwa, chokaa katikati, ukuta mzima kama mkeka. Mama alipita akiugusa kwa kiganja, kama anayesalimiana na ndugu waliopotezana. Alibaki nyuma. Nikadhani amechoka.

“Bon, maman, tuanze?” mwashi akaniuliza, akiniita mama kwa heshima.

Mama yangu akatoka, kitenge begani. “Unafunika nini?”

“Nyumba, mama,” nikamjibu. “Watu waone ulizaa mutu.”

“Mutu nilizaa. Hii haya, ulizaa wewe mwenyewe.”

Mwashi akacheka, akajifanya anakohoa.

Mama akaweka kiganja ukutani. “Baba yako alichoma matofali mpaka kifua kikamumaliza. Kila nyumba, walipiga krepi juu, wakayafunika. Hakuna siku mutu alisimama njiani akaangalia kazi yake. Huku wanaacha yaonekane. Alafu mutoto wake ndiye analeta ndoo?”

Nilimlipa mwashi siku yake, maana yeye hakukosa, akaenda.

Sikusoma sana, Mwanangu, huenda nakosea. Lipu si mbaya. Kwetu mvua hula ukuta, na anayeufunika anaukinga. Ila mimi sikuogopa mvua, niliogopa macho. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Basi kabla hujafunika kitu, jiulize: unakikinga, au unakionea haya? Na mikono iliyokulea usiifiche.

Jua likishuka, ukuta wetu huwaka kidogo, kama tanuru la mbali. Mungu akupe nyumba yako, Mwanangu, na ukisimama mbele yake, usiinamishe uso.