Pakiti Kumi za Chai Ileile

Ukungu wa Tukuyu huingia kiwandani bila kubisha hodi. Mwaka wangu wa kwanza kwenye meza ya vipimo niliutazama ukipita dirishani na kutambaa chini ya mashine ya kukaushia, huku harufu ya majani ya moto ikinilevya hata nisijue kama niko kazini au bado nimelala.

Tulikuwa wawili wa kupima unyevu wa chai kavu: mimi, na mzee wa Kyimo aliyeifanya kazi hiyo tangu sijazaliwa. Namba zetu hazikupatana hata siku moja. Meneja akasema mmoja wetu ataondolewa mezani ikifika Ijumaa. Nikajibu haraka kwamba macho ya mzee yamechoka. Mdomo wangu huo, hauna breki.

Kumaliza ubishi, nikaleta jaribio. Chai ya gunia moja tukaichanganya vizuri, tukaifunga pakiti kumi. Kila mmoja apime tano, asione majibu ya mwenzake. Chai ni ileile, mashine ni ileile, kwa hiyo anayeyumba ataonekana. Nilijiona mjanja kweli.

Namba za mzee zilikaa pamoja kama ndugu. Zangu zilipanda na kushuka.

Nikalaumu umeme, nikalaumu mashine. Mwishowe nikamtazama mzee mikono. Alifungua pakiti, akamimina, akaifunga, ndipo akageuka kumsalimu aliyeingia. Mimi je? Kila mama aliyepita mlangoni nilimwamkia kama tulivyolelewa kwetu Suma: goti linakunjwa, naulizia usingizi, watoto, migomba, mvua ya jana. Muda wote huo pakiti iko wazi mkononi, inakunywa ukungu. Salamu ikirefuka, na chai inalowa.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilimweleza meneja kwamba anayeyumba ni mimi, kisha nikarudi mezani. Mzee alikuwa ameshaweka miwani na kikombe chake kwenye mfuko, tayari kuondoka Ijumaa; alidhani meneja ameshayaamini maneno yangu kuhusu macho yake.

"Baba, ulikuwa unaniona siku zote?"

"Nilikuona."

"Sasa mbona hukuniambia? Ungepoteza kazi!"

Alinitazama kwa mshangao, kama nimeuliza jambo la kitoto.

"Ningekukatiza vipi, mwanangu? Ulikuwa unaamkia wazazi."