Siku Jina Letu Lilipoitwa Getini

Mimi nina mjukuu ambaye ni somo yangu. Kwetu, kijana wako akipata msichana wa kwanza, huyo mtoto anachukua jina la nyanya yake. Basi jina langu ndilo lake, la nyumbani na la kanisani, yote mawili. Hapa kijijini Marungu wanasema yule mkubwa na yule mdogo, na maisha yanaendelea. Nawaambia hii mapema kwa sababu ndiyo ilituletea mambo yote.

Huyo mdogo alisomea kazi ya hoteli miaka miwili. Anatandika kitanda mpaka unaogopa kukilalia. Akamaliza, akaanza kuitwa intavyu. Wacha niwaambie. Mombasa walisema wanataka mtu aliyefanya kazi miaka mitano, na mtoto ndio ametoka shule jana. Hiyo miaka mitano aitoe wapi, sokoni? Mahali pengine wakamwambia aje wiki moja wamwone mkono. Akafua mashuka wiki nzima, wakamwambia tutakupigia. Pengine wakamuuliza ataolewa lini na atazaa lini. Nikamwambia hilo swali ni langu mimi, wao wamepewa na nani ruhusa? Akacheka kidogo. Zamani alikuwa anacheka sana.

Lakini hiyo tutakupigia ndiyo ilitumaliza. Kwetu simu inashika mahali pamoja tu, juu ya mfuniko wa tenki la maji. Basi simu tunaipeleka hapo asubuhi kama mtu anayepeleka mbuzi malishoni, jioni tunairudisha. Ikilia tunakimbia wawili, kumbe ni mwenyekiti wa kina mama anauliza kama nitaenda mkutano.

Siku moja akaniambia polepole, tukichambua mbaazi, "Somo, hii intavyu ya Voi ni ya mwisho. Wakinyamaza tena, mimi naenda Saudia, kazi za nyumba."

Nikaendelea na mbaazi zangu. Pasipoti nilikuwa nimeshaiona chini ya godoro lake. Na kuna msichana wa hapa jirani alirudi kutoka huko, mpaka leo ukiweka sufuria chini kwa kishindo, anaruka.

Sasa hiyo siku ya Voi nami nilikuwa na kliniki ya presha, tukashuka pamoja. Nilipomaliza nikaenda kumngoja pale hotelini. Vijana wa intavyu walikuwa wameambiwa saa mbili. Mimi nafika saa sita na nusu nawakuta nje ya geti, vijana kama ishirini, viatu walivyong'arisha vimekuwa vyekundu kwa vumbi, hakuna kiti wala tone la maji. Askari wa geti, mzee mwenzangu, akanipa kiti chake. Somo yangu akaona nimeshika vidonge mkononi, akavuka barabara kunitafutia maji dukani.

Hajarudi, jina likaitwa.

Na mimi nimetoka kliniki, masikio bado yako kliniki. Kule ukiitwa unasimama mara moja, ukichelewa unarudishwa mwisho wa foleni. Nikasimama. Askari akaniangalia, akaangalia karatasi, akaniuliza kama kweli ndilo jina langu. Nikamwambia ndilo, tangu nibatizwe. Akanifungulia.

Ndani baridi kama Wundanyi mwezi wa saba. Watu watatu nyuma ya meza, kila mmoja na chupa yake ya maji. Bwana mmoja kwa kompyuta, mwingine kwa simu, na mama mmoja anafunua makaratasi. Wote vichwa chini. Nikajua mambo ni ya intavyu, lakini nikafikiri wanataka kusikia mzazi kwanza, vile shule hufanya. Nikakaa.

Yule wa kompyuta akaniambia nijieleze. Sauti yangu bado nyembamba, kwaya wananiweka na wasichana. Nikajieleza: nimezaliwa wapi, watoto sita, mzee nimeshamzika, mbuzi kumi na moja. Akaendelea kubonyeza. Akauliza udhaifu wangu ni nini.

Nikasema, "Magoti."

Akaandika. Haki ya Mungu niliona akiandika. Kisha yule wa simu, naye bila kuinua uso, akauliza baada ya miaka mitano najiona wapi.

Nikamwambia, "Kando ya mzee wangu, pale nyuma ya kanisa. Nafasi yangu waliiacha."

Hapo vichwa vitatu vikainuka pamoja. Na hapo hapo mlango ukafunguliwa, somo yangu amesimama na chupa ya maji, anahema, uso umebadilika rangi. Nilipoona ule uso ndio nikaelewa nimefanya nini. Nimekaa kwa kiti cha mtoto. Nikaiona Saudia hiyo, nikaiona ndege.

Nikasimama. Nikawaambia, "Mwenye kazi ni huyu, jina letu ni moja. Mimi nimekosea. Lakini mumeniuliza maswali matatu hamjanitazama. Mtu akija kwangu kununua mbuzi, humtazama mbuzi."

Nikadhani wataita askari. Yule mama akafunika mdomo na karatasi, mabega yanacheza, kumbe anacheka. Kisha akaacha kucheka. Akauliza wale wa nje wamefika saa ngapi. Somo yangu akamjibu, saa mbili. Akatuma maji yapelekwe getini, na viti. Mimi nikatolewa, mtoto akabaki.

Tukarudi nyumbani kwa matatu, tukashuka. Kisha akaniambia walimtazama, wakamwuliza mambo ya kazi tu. Na yeye mwishoni akawauliza watapiga simu siku gani, hata kama ni hapana. Yule mama akasema Ijumaa.

Ijumaa hiyo nilikaa kando ya tenki kama kuku anayeatamia. Saa nne simu ikalia. Sauti ya yule mama ikataja jina, ikauliza kama ni yeye.

Safari hii sikukurupuka. Nikauliza, "Unataka mkubwa au mdogo?"

Akacheka, akasema, "Mdogo, nina habari yake nzuri." Basi mimi si nikachukua simu nikashuka nayo mbio mpaka shambani, nikimwita, najiita, magoti nimeyasahau. Nampa simu, imekufa. Network tumeiacha juu ya tenki. Tukapanda tena wawili, yeye na jembe mkononi, tukaiweka mahali pake, tukaingoja tukiwa tumeshikana mikono kama watoto. Ikalia. Aanze Jumatatu, kitengo cha vyumba.

Pasipoti ameihamisha kwa sanduku langu, pamoja na cheti changu cha ndoa. Na askari wa hoteli, kila akimwona asubuhi, anamuuliza kama ni yeye au ni yule mwingine.