Siku Ninayoiruka Kila Mara

Leo mjukuu wangu amenifunga mdomo, mimi huyu mnayenijua.

Sechelela yuko kidato cha pili, anajizoeza kufupisha habari kwa Kiingereza. Vifungu vya kitabuni vimemwishia. Basi akaandika cha kwake kwa Kiswahili, yale ninayomsimuliaga juu ya mama yake, marehemu mwanangu Debora. Kisha akakifupisha kwa Kiingereza.

Nikamwambia, nisomee huo ufupisho kwa Kiswahili.

"Mwanamke mkulima aliugua akafa. Mtoto wake akalelewa na bibi."

Nikawaka. Jina lake liko wapi? Karanga alizomenya huku ana homa ziko wapi? Hiyo ndiyo shule tunayowapeleka?

"Bibi, majina na mifano tunatoa. Linabaki jambo kuu."

"Debora wangu hana cha kutolewa."

Akanipa daftari lenye habari yote, ndefu, kwa Kiswahili. Kusoma nasoma, polepole. Yote niliyosema yalikuwamo, hata karanga.

Ila mstari wa mwisho haukuwa wangu.

"Bibi akisimulia akafika siku aliyokufa mama, hunituma maji. Kwa hiyo siijui."

Kweli. Miaka yote namtuma maji.

Nyie mliolea yatima, mliwaambiaje? Semeni, msiniwekee vidole gumba tu.

Mimi nimemkalisha mkekani nikamwambia mpaka mwisho, kwamba jina la mwisho mama yake alilotaja lilikuwa lake yeye, Sechelela.

Hakuna aliyekwenda bombani. Ndoo ziko tupu mlangoni mpaka sasa.