Sale la Kosa Lisilotendwa Bado

Mwaka ule nakaribia kuingia kidato cha nne, mchana wa Marangu ulikuwa unanipotezea akili. Ukungu ulipanda kutoka bondeni taratibu, ukapita kwenye migomba, ukafunika kahawa, ukafunika na banda la ng'ombe, na mimi nikabaki nimesimama na mzigo wa majani kichwani, nikijiuliza umetoka wapi na unakwenda kwa nani. Nilikuwa mtu wa kuduwaa. Nyumbani walishazoea, wakawa wananiita mara tatu ndipo niitike.

Shule ikifunguliwa Januari tulitakiwa kuchagua kombi za kidato cha tano. Mimi nilitaka HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza. Kusema kweli nilitaka jiografia tu, hizo nyingine zilikuwa wasindikizaji. Baba alitaka PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Kahawa ilikuwa imeshuka bei, majirani waking'oa mibuni na kupanda nyanya, na baba, ambaye hakung'oa hata mmoja, alikuwa ameamua kwamba ukoo wetu lazima upate daktari. Daktari mwenyewe ndiye mimi. Krismasi, watu wa Dar na Arusha waliporudi nyumbani, aliniita daktari mbele yao wote huku akiwakatia nyama. Wakaanza kunieleza magonjwa yao. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kubishana naye sikuweza. Angekuwa mkali ningebishana. Lakini mtu mpole humbishii. Unamwonea huruma tu, halafu unajikuta unasomea fizikia. Nilimpenda baba yangu mno, na hapo ndipo taabu ilipokuwa.

Kwetu mtu akikosa huchuma jani la sale, ule mmea unaopandwa mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya ukoo, akalifunga fundo na kumpelekea aliyemkosea. Sale halikataliwi. Ukishalipokea umesamehe, hata kama moyo bado unachemka. Nikawaza, kwa nini nisubiri mpaka nikose? Asubuhi moja nikachuma jani, nikalifunga, nikaenda bandani. Baba alikuwa anakamua, na dada yake, shangazi yangu, amemshika ndama pembeni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akageuka, akaliona jani mkononi mwangu. Akaacha kukamua. Shangazi naye akanitazama tumboni, na hapo ndipo nilipoelewa msichana wa shule anayeleta sale asubuhi watu wanamfikiria nini.

"Umefanya nini, mwanangu?" baba akauliza.

"Bado sijafanya, baba. Ndiyo nataka kufanya. Nataka kuchagua HGL."

Shangazi aliangua kicheko mpaka ndama akamponyoka. "Aisee, huyu analeta sale la kesho," akasema, akaondoka kumfukuza ndama huku bado anacheka.

Baba hakucheka. Alifuta mikono kwenye suruali, akalipokea jani kwa adabu zote, kama vile nimetumwa na wazee.

"Nimekusamehe," akasema. "Na aliyesamehewa hatendi tena. Kwa hiyo hilo kosa usilitende."

Nilikuwa sijalifikiria hilo. Nililia palepale bandani, bila aibu, ng'ombe akinitazama.

Mchana tulikwenda wote wawili kukata majani. Ukungu ukaja kama kawaida yake, ukatuzunguka mpaka nikawa namwona baba nusu nusu. Akasimamisha panga. "Hivi huu," akauliza, "hiyo jiografia yako inausemaje?"

Nikamweleza. Kwamba hewa ya huko chini Moshi hupata joto ikapanda mlima, na kadiri inavyopanda ndivyo inavyopoa, mpaka unyevu wake unaonekana kwa macho. Nilieleza ovyo ovyo, kwa pua iliyoziba. Yeye akakaa juu ya mzigo wake, akasikiliza. Akauliza mbona siku hizi mvua za vuli zinachelewa. Nikasema sijui, baba, hilo ndilo nataka kwenda kulisoma.

Akanyoosha mkono kwenye ule weupe kana kwamba anapima ubichi wa nguo.

"Sale nimeshalipokea, siwezi kukurudishia," akasema. "Ila tangu asubuhi nalitafuta hilo kosa lako, mwanangu, na silioni."