Mzee wa Upepo na Bwana Mabomba

Kuna watu wakigombana, hugombania kiwanja. Wengine mwanamke, wengine mpira. Fundi Kompresa na kaka yake, Fundi Pindo, waligombania katuni za Kijapani. Usicheke bado. Hujaona wanaume wazima wenye mvi wanavyoweza kununiana wiki nzima kwa ajili ya shuka la kuchorwa.

Walikuwa na chumba kimoja cha kazi. Upande wa kushoto zilikaa friji za watu, nyingine zimelala chali, nyingine zimevuliwa milango kama mgonjwa anayesubiri sindano. Hapo alitawala Kompresa, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya kukoroma kwake kama mashine ya friji. Upande wa kulia kulikuwa na cherehani, pasi, na suruali za watu zikining'inia bila wenyewe. Hapo alitawala Pindo. Katikati, juu ya friji iliyokufa ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua, ilikaa televisheni, na hapo ndipo vita ilipopiganwa.

Chanzo ni mteja mmoja aliyekuwa akihama. Aliwaachia mkoba wa diski, zote katuni za Kijapani, akasema watoto wake wamekua. Mafundi wakaweka moja ili wapate kelele ya kufanyia kazi. Jua lilipotua, hakuna friji iliyopona wala suruali iliyoshonwa.

Majina ya waongozaji yaliandikwa kwa ile hati ya Wajapani inayofanana na mabanda ya kuku yaliyoangushwa na mvua, kwa hiyo wakawabatiza wenyewe. Yule ambaye kwenye filamu zake kila kitu hupepea, nyasi, nywele, pazia, hata masharubu ya wazee, wakamwita Mzee wa Upepo. Yule mwingine, ambaye hawezi kuchora nyumba bila kukuonyesha maji yanaingilia wapi na moshi unatokea wapi, akawa Bwana Mabomba. Maneno ya chini ya skrini yalikuwa ya kigeni na yalipita mbio. Pindo alikuwa akimaliza kusoma neno la pili, mtu keshakufa na kuzikwa. Basi wakawa wanahukumu kwa macho, na kila mmoja kwa macho ya kazi yake.

"Tazama shuka hilo," Pindo angesema, mguu umeacha pedali. Ilikuwa ile filamu ya dobi wa mlimani, anayefua nguo za watu waliohama akingojea warudi. "Tazama linavyojaa upepo halafu linachoka. Huyu mtu amewahi kushika kitambaa. Wako anavalisha watu mabati. Msichana analia, shati limesimama wima kama geti!"

"Na wako anachora upepo kwa sababu hajui kuchora kitu kinachoshikika," Kompresa angejibu kutoka nyuma ya friji. "Lile gari moshi lake lina moshi, lakini bomba la moshi liko wapi? Moshi unatoka kwenye paa! Bwana Mabomba hawezi kukufanyia upuuzi huo. Kile kiwanda chake cha barafu ningeweza kukitengeneza hata kesho."

"Hata friji ya yule mama imekushinda tangu mwezi uliopita."

"Hiyo ni tofauti. Hiyo imetengenezwa vibaya."

Mimi mwenyewe nimeziona kazi za wote wawili, na nina msimamo wangu, ambao ndio sahihi, lakini leo si zamu yangu. Lililo muhimu ulijue ni hili: kwa miaka yote waliyobishana Pindo hakuwahi kukubali hata mara moja. Alikuwa mtu mpole. Ukimwambia bei yake ni kubwa, anapunguza. Ukimkanyaga, anaomba radhi yeye. Ila kwa Mzee wa Upepo, kichwa chake kilikuwa kigumu kama gogo.

Ndiyo maana asubuhi ile Kompresa alifurahi. Alikuwa ameingiza mkono wote ndani ya friji, anabishana kwa sauti, akatoa kombora lake kubwa: kwamba filamu ya dobi ingekatwa vipande vya shuka tupu, kingebaki kitambo cha kunywea chai. Akangoja jibu. Kimya. Cherehani inanguruma tu. Akaongeza: na huyo dobi mwenyewe ni mvivu. Kimya. Kompresa akacheka peke yake nyuma ya friji, akasema, "Leo nimekupata, kaka, leo umefyata!" Alipochungulia, sindano ya cherehani ilikuwa imetoboa palepale mpaka kitambaa kimekuwa chekeche, na Pindo ameinamisha kichwa mezani, mguu ungali umekandamiza pedali.

Kiharusi kilichukua mkono wa kulia na mguu wa kulia. Kilichukua na maneno, yote, isipokuwa moja. Pindo alirudi kutoka hospitali akiwa na "kabisa."

Unataka maji? "Kabisa." Umeshiba? "Kabisa." Kuna baridi, kaka? "Kabisa." Na joto? "Kabisa," huku akitikisa kichwa kwa heshima zake zilezile za zamani. Binti wa hospitali, anayefundisha wagonjwa kuongea upya, aliwaeleza taratibu: neno hilo linatoka lenyewe, lisichukuliwe kuwa ni jibu. Wote waliitikia kwamba wameelewa. Lakini wewe jaribu kumlisha mtu, kumwogesha, kumgeuza kitandani, halafu umwulize kama anaridhika, naye akwambie "kabisa." Utaliamini tu. Shemeji, mke wa Pindo, aliliamini kwa sababu lilikuwa ndilo jambo tamu pekee lililobaki ndani ya nyumba.

Kisha akaja binti yao mkubwa, anayeishi mji mwingine, na mpango wake. Na hapa ndipo penye ugumu, kwa sababu mpango haukuwa mbaya. Nyumba ya wazazi ilikuwa ghorofa ya tatu, na magoti ya shemeji yalikuwa yakilalamika hata kabla ya kuuguza mgonjwa. Kwa binti hakuna ngazi, kuna chumba kinachotazama ua, na mumewe ni muuguzi. Alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake.

"Baba, mje mkae na sisi? Wewe na mama. Moja kwa moja."

"Kabisa," alisema Pindo.

"Umemsikia, baba mdogo," binti alimgeukia Kompresa, macho yamejaa machozi ya furaha. "Amekubali."

"Mwanangu, hajakubali. Yule binti wa hospitali alisema..."

"Alisema pia kwamba anaelewa mengi. Kama anaelewa, na anasema kabisa, nani mwingine nimwulize?"

Kompresa alikuwa na hakika moyoni kwamba kaka yake hataki kwenda. Lakini ukimbana akueleze hakika hiyo ameitoa wapi, alikuwa hana kitu mkononi. Pengine yeye ndiye hakutaka aende. Hilo nalo lilimpitia kichwani, akalifukuza kama nzi.

Ndipo alipopata wazo. Kuna jambo moja duniani ambalo Pindo hawezi kulikubali. Akikanusha hilo, hata kwa kukunja uso, hata kwa kurusha kikombe, basi watu watajua kwamba kabisa zake nyingine ni upepo tu, na atalazimika kuulizwa upya kwa njia nyingine. Aliwaalika shemeji na binti karakanani, akawaketisha kwenye benchi la wateja, akafuta televisheni vumbi kwa shati lake. Pindo akawekwa kwenye kiti mbele kabisa. Diski ya dobi ikaanza kuzunguka.

"Sasa tazameni," alisema Kompresa. "Huyu mtu hajawahi kunikubalia hapa. Kaka! Mzee wa Upepo hajui kazi."

"Kabisa," alisema Pindo.

Shemeji akaguna kicheko. Kompresa akajikaza.

"Hilo shuka ni baya. Limekaa kama karatasi."

"Kabisa."

"Bwana Mabomba anamshinda mbali. Anamshinda akiwa amelala! Amefungwa macho!"

"Kabisa."

"Kaka, acha utani." Alishuka akachuchumaa, uso kwa uso. "Huyu dobi ni mvivu. Huyu Mzee wako hajawahi kushika kitambaa maisha yake yote. Nimesema hajawahi kushika kitambaa! Nijibu!"

"Kabisa," alisema Pindo, na nusu ya uso wake ikatabasamu.

Kompresa alitoa diski, akaweka ile ya kiwanda cha barafu. Pale yule msichana fundi, mwenye shati lililosimama kama geti, anapanda kati ya matangi kurekebisha mtambo unaotengeneza majira ya baridi. Akamwambia kaka yake kwamba hii ndiyo filamu bora ya Mzee wa Upepo. Uongo mtupu, wa kitoto. Mteja yeyote aliyewahi kungoja pale suruali yake angeucheka. Pindo aliitazama skrini kwa muda, akamtazama mdogo wake, akaitazama skrini tena.

Kompresa alisogea karibu.

"Kabisa," alisema Pindo.

Binti alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Baba mdogo, kumbe nyie wawili ndivyo mlivyokuwa mkishinda humu! Umemfurahisha kweli. Sijamwona hivi tangu augue." Shemeji naye akamshukuru, akamshika bega. Wakaondoka wamechangamka, na Kompresa akabaki ameshika tama kwenye benchi la wateja, mtu aliyeshinda ubishi wote kwa siku moja. Msichana kwenye skrini aliendelea kukaza nati.

Siku ya safari, gari la mkwe liliegeshwa mbele ya karakana, kwa sababu shemeji alitaka mumewe apaage mahali pake. Pindo alizungushwa ndani taratibu. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Majirani walisimama nje wakisema maneno ambayo watu husema wakikosa la kusema: mtafika salama, huko kuna hewa nzuri. Mkwe akamshika upande mmoja, Kompresa upande wa pili, wakaanza kumtoa.

Walipofika mlangoni, mkono wake mzima, wa kushoto, ulishika fremu ya mlango.

"Baba, twende?" aliuliza binti.

"Kabisa."

Mkono haukuachia.

"Anaogopa kuanguka," binti alisema. "Hapo pana kidaraja cha kushukia. Baba mdogo, hebu msaidie huo mkono."

"Mwanangu, utazame huo mkono."

"Nauona."

"Utazame vizuri."

"Baba mdogo, ninauona. Anaogopa kidaraja."

Na kidaraja kilikuwepo, kirefu, ambacho hata wazima hujikwaa nacho. Huenda ilikuwa hofu ya kidaraja. Kompresa alimkazia macho kaka yake akitafuta chochote, akaona macho tu, yamelowa kama yanavyolowa kila siku tangu augue, yawe ya kicheko au ya vumbi. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa amemsikiliza kaka yake tu, hakujifunza kumsoma. Mkwe alikuwa anahema kwa uzito. Shemeji alikuwa tayari amekaa garini, magoti yake ameyashika kwa mikono miwili.

Kompresa alianza na kidole kidogo.

"Kaka, sikiliza," alisema chini chini, akikibandua. "Umeshinda. Unasikia? Yule wangu ni fundi bomba tu. Mashati yake ni mabati, nimeyatazama vizuri, ni mabati matupu." Akahamia kidole cha pili. "Na lile shuka nilikuwa naliona. Siku zote nilikuwa naliona linavyochoka. Nilikuwa nakubishia tu ili usinyamaze." Kidole cha tatu kilikuwa na nguvu za ajabu, nguvu za mtu aliyeshika mkasi maisha yake yote. "Mzee wa Upepo ndiye bora. Nimekubali mbele ya watu wote hawa. Si ndiyo, kaka?"

Alingoja "kabisa" yake.

Pindo alimtazama, mdomo umefunguka kidogo, hakusema kitu. Lile neno lake moja lililojibu maji na baridi na safari halikutoka. Kompresa alingoja tena, mpaka mkwe akasema kwa adabu, "Baba mdogo, mkono wangu unauma kwa uzito wake."

Kilibaki kidole gumba. Kompresa alikibandua.