Jenereta Yenye Muhuri

Kila asubuhi, kabla ya kazi, tuliimba na kucheza kumsifu Kiongozi, wahandisi wazima ndani ya abakosti, zile suti za chama zisizo na tai, jasho likitutiririka. Niliichukia ile ngoma. Baada yake niliingia ofisini kufanya kazi pekee niliyoipenda katika Zaire ile: kuunda mfano wa mfumo mzima wa umeme wa Kisangani ndani ya kompyuta.

Nilikuwa na disketi za maktaba ya programu, yaani mafungu ya amri yaliyokwisha kuandikwa na watu wengine: fungu la turbini, la waya, la pampu, la jenereta. Niliyaita kwa majina, nikayaunganisha, nikayapa namba, na mashine ikanijibu nani atakosa umeme turbini ikisimama. Kwa jenereta ya akiba uliandika moja kama ipo, sifuri kama haipo. Maktaba ile haikuwa na ujanja. Ukiipa uongo, inaukokotoa kwa uaminifu.

Jenereta mpya ilikuwa njiani, kwa boti kutoka Kinshasa, na mfano wangu ndio ungeamua iende wapi. Nikaenda kukagua hospitali pamoja na fundi wetu mkuu, mzee wa Maniema aliyekuwa akiishi mtaa wa Mangobo. Tulikuta sakafu ya saruji na bolti nne zenye kutu. Jenereta ya akiba ya hospitali ilikuwa shambani kwa mkubwa mmoja wa chama, na wauguzi walilisema hilo bila hata kushusha sauti.

“Andika zero, mutoto yangu,” fundi aliniambia. “Pale iko beton tu.”

Mkurugenzi alinifungulia daftari la mali ya hospitali, lenye muhuri na sahihi. “Citoyen, inventaire inasema jenereta iko. Cachet iko, signature iko. Weye ni nani ya kusema haiko?”

Kwetu kitu chenye muhuri kilikuwepo kuliko kitu chenye uzito. Nikaandika moja. Nilikuwa mwoga, sitafuti neno jingine. Mashine ikachapa kwamba hospitali imetimiza mahitaji yote, na jenereta mpya ikapelekwa kwenye nyumba ya wageni wa chama. Fundi alinisalimu kama kawaida, ila hakuniita tena mutoto yangu.

Miezi ikapita. Turbini ikasimama saa nne asubuhi, siku ya kazi kama nyingine, wakati binti yake fundi alikuwa amepasuliwa katika hospitali ileile ili mtoto atolewe. Taa za chumba cha upasuaji na mashine ya kufyonza damu vilizimika pamoja. Tuliwazika wote wawili, mama na kitoto chake.

Matanga yalipokwisha, fundi alikuja ofisini kwangu, akavuta kiti mbele ya kompyuta.

“Tia zero,” alisema.

“Papa, ya nini sasa?”

“Tia.”

Nikaifuta moja, nikaandika sifuri. Mashine ilinguruma kidogo, ikachapa. Hakujua kusoma Kifaransa vizuri, kwa hiyo nikamsomea: turbini ikisimama, chumba cha upasuaji hakina umeme tangu dakika ya kwanza.

Fundi aliigusa ile sifuri kwa kidole.

“Donc kama ulitiaka zero, machine ingesema?”

“Ndiyo, papa. Ingesema.”