Siku Niliyopanda Gari la Padre

Afadhali mkisikie kwangu, kwa sababu wale wanawake wa sokoni wameshakitia chumvi kisa hiki mpaka hata mimi mwenyewe sikitambui. Ukweli ni huu, na ukweli peke yake unatosha kuniaibisha mpaka uzeeni: mimi Kabugho, muuza vitenge wa Bwera, mtu mzima mwenye watoto wanne, nilikaa kwenye matope nikamlilia mwanaume aliye hai, nikamwombea kwa jina lake, huku mke wake mwenye mimba ya miezi minane amenishika mkono.

Hapa Bwera tuna kikundi cha akina mama, tunakiita Tusiwaache, na kazi yetu ni kuwatembelea wake na wazazi wa wanajeshi walio kazini Kongo na kwingine, tunawapelekea sabuni, sukari, nguo za mtoto, na siku hizi tunapeleka hata sauti, maana mwanajeshi akipata mtandao anarekodi maneno yake, anamtumia mmoja wetu mwenye simu nzuri (mimi ninayo), nasi tunayabeba mpaka kwa mkewe ambaye simu yake ni ile ya tochi. Kazi yenyewe ina sharti moja. Mwenyekiti wetu, Mama Ithungu, ambaye ni mjane wa mwanajeshi, alitukataza kabisa kufika nyumbani kwa mtu na gari la jeshi. Tunakwenda kwa miguu au kwa boda, na tukiwa bado chini barabarani tunaanza kuita na kucheka kwa sauti, ili mwenye nyumba ajue mapema kwamba hawa ni wale wa sukari, si wa ile habari nyingine. Ile habari nyingine kila mke wa mwanajeshi anajua inavyokuja: gari la kijani, padre, kofia mkononi, na watu wasiosema kitu.

Sharti hilo nililijua vizuri. Wanachama wapya mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha.

Siku hiyo nilikuwa naenda Karambi kwa Apio, mke wa Baluku. Apio si mtu wa huku, ni wa kabila la Lango kutoka kaskazini, walioana na Baluku huko kambini Kasese, na Baluku alipopelekwa Kongo akamleta mkewe akae na mama yake mpaka ajifungue, basi mkwe na mkaza mwana wanaongea Kiswahili kwa sababu hakuna anayejua lugha ya mwenzake. Mimba ya kwanza ilitoka. Hii ya pili nyumba nzima ilikuwa inailinda, hata maji Apio alikuwa hachoti.

Mvua ikanikuta njiani, boda ikateleza mara mbili, mwenye boda akaniambia hapa mwisho, nikabaki chini ya upenu wa duka moja na mfuko wangu mzito na viatu vipya, vyeupe (msiniulize nani anavaa viatu vyeupe kwenda Karambi wakati wa mvua). Mara likapita gari la kijani kutoka upande wa Kasese, na ndani namwona padre wa jeshi tunayemfahamu, aliyewahi kusali na kikundi chetu. Nikapunga mkono, likasimama.

"Padre, nisaidie mpaka kwa kina Baluku, ni hapo juu tu."

Padre alimtazama dereva. "Mama, leo hatuko na safari ya kutembelea watu."

"Nitashuka barabarani, Padre. Hata sitawachelewesha."

"Afande, tunachelewa," akasema askari aliyekuwa anaendesha.

Padre akatazama mvua, akatazama viatu vyangu, akasema, "Panda, mama."

Niliongea njia nzima. Niliongea juu ya bei ya vitenge, nikaongea juu ya paa la kanisa, nikamtolea simu nikamsikilizisha sauti ya Baluku akimwambia mkewe ale vizuri na asibebe vitu, na Padre kila mara aliitikia neno moja tu, nami nikajisemea moyoni huyu amechoka. Tulipofika chini ya nyumba mvua ilikuwa imekatika. Padre mwenyewe akashuka kunisaidia kuteremsha mfuko, dereva naye akashuka kutazama gurudumu, akavua kofia ajifute uso. Kisha Padre akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mungu akupe nguvu, mama." Nilidhani anasema juu ya mfuko. Wakaondoka.

Nikajitwika mfuko na kuanza kupanda, nahema, macho yote chini nisichafue viatu, na sikuita wala sikucheka. Kumbe Apio alikuwa kwenye mlango wa jikoni akimenya mihogo, na aliyaona yote, tangu gari mpaka kofia.

Nilimsikia kabla sijamwona. Nilipofika uani alikuwa chini, anajigaragaza na tumbo lile. Sasa mtu mwenye akili angeuliza kuna nini. Mimi niliona kwamba habari imenitangulia kwa simu. Ule ukimya wa Padre ukanijia wote kwa mara moja, na yale maneno yake ya nguvu, nikasema kumbe ndiyo hiyo, kumbe alikuwa anajua. Nikatua mfuko, nikavua viatu, nikakaa pale kwenye matope kando ya Apio nikalia kwa sauti. Yeye alikuwa analia kwa sababu ameniona mimi, na mimi nilikuwa nalia kwa sababu nimemwona yeye.

Mama yake Baluku akatoka ndani mbio. Akatutazama, akaufungua mfuko wangu, akatoa sukari, kisha akatoa kile kitambaa cheupe nilichoshona pindo mwenyewe kwa ajili ya nepi, akakishika hewani.

"Mungu wangu, wameleta mpaka sanda," akasema, naye akaanza kulia.

Kilio cha watu watatu hakikai nyumba moja. Majirani wakateremka na kuni, wengine na mabenchi, mara moto wa matanga unawashwa mbele ya nyumba, mara mtu anasema tusali, na kwa kuwa mimi ndiye mtu wa kikundi wakanitazama mimi. Nikasali. Nilisali vizuri siku hiyo kuliko siku zote, nikasema mpokee mtumishi wako Baluku, na watu wakaitikia amina.

Aliyekuja kuharibu ni Mzee Thembo, baba mdogo wa Baluku, mtu mkali asiyelia ovyo. Akasimama mbele yangu. "Mama, padre amesema amekufia wapi? Na mwili iko wapi?"

"Padre hakuniambia kitu, Mzee. Si ninyi mliopata habari?"

"Sisi tumepata kwa nani? Si wewe ndio umekuja na gari yao?"

Watu wakanyamaza mmoja baada ya mwingine mpaka nikasikia moto. Apio akajiinua kwa kiwiko.

"Mama, bwana yangu iko ama haiko? Sema moja."

Nikashindwa. Hapo ndipo ninapoona aibu zaidi, si kwenye kile kilio. Nilitaka kusema yupo, lakini ule ukimya wa Padre garini ulikuwa bado unanisumbua. "Sijui," nikasema. "Lakini niko na sauti yake ya juzi." Nikajipapasa kifuani, nikapapasa mfuko, nikapindua sukari. Simu ilikuwa imebaki kwenye kiti cha gari.

"Juzi si leo," akasema Mzee Thembo. Akamgeukia Muhindo, jirani mwenye boda, akamwambia alifuate hilo gari hata likiwa limeingia Kongo.

Wakampigia Baluku kwa ile simu ya tochi. Haipatikani. Wakapiga tena, na tena, yule mwanamke wa kwenye simu anarudia maneno yale yale, mpaka mama yake Baluku akasema basi. Apio akashika tumbo, uso ukakunjamana kwa uchungu, akapumua, baada ya muda ukakunjamana tena. Mkwe wake akaweka kiganja chini ya kitovu, akakiacha hapo, midomo inacheza bila sauti. Mimi hakuna aliyenitukana, na ingekuwa nafuu kama wangenitukana. Kwenye benchi nililokalia watu waliondoka mmoja mmoja mpaka nikabaki peke yangu. Na ule moto, hakuna aliyeuongeza kuni wala aliyethubutu kuuzima. Wote tulikuwa tunautazama, na mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo, Mungu, nitie aibu unavyotaka, hata mbele ya Bwera yote, lakini huyu mtu awe hai.

Muhindo alirudi na simu yangu mkononi, matope mpaka magotini. Hakusubiri kushuka.

"Baluku iko. Padre ameuliza kwa wakubwa wake, asubuhi wameita majina, ameitika. Wanamutafuta apige." Kisha akatazama chini. "Gari nimeikuta ng'ambo ya mto, kwa mama Kule. Ni mutoto yake ule mwanajeshi ndio amekufa."

Hakuna aliyefurahi kwa sauti. Simu ya tochi ilipolia, Mzee Thembo akampa Apio bila kuitazama.

"Sema jina ya mama yako," Apio akasema. Akasikiliza. "Jina ya mbuzi yetu." Akasikiliza tena, na machozi yakaanza kumtoka upya, lakini mwili ulikuwa umelegea. "Tumeshakulilia, Baluku. Umesikia? Tumemaliza. Usitufanyishe hii kazi mara mbili."

Mzee Thembo akaanza kukusanya kuni. Wengine wakabeba mabenchi, wakaelekea mtoni, na mama yake Baluku akajifunga leso akachukua sukari yangu akawafuata, kwa sababu matanga yalikuwa yapo kweli, ila tulikuwa tumeyakosea nyumba. Mimi pia nilikwenda, miguu mitupu, viatu vyeupe mkononi. Padre aliponiona pale kwa mama Kule akanipisha, nikaingia kukaa na wafiwa.

Lakini kabla sijatoka kwa kina Baluku, Apio alikuwa ameniita. Maumivu yalikuwa yamepoa, amelala kwenye mkeka na kile kitambaa cha nepi kifuani. "Mama Kabugho, ukikuja tena, kuja na miguu. Na nikusikie kutoka mbali."

Basi ndivyo ninavyofanya, na hata mvua ya mawe hainipandishi tena gari lile. Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata, wa kiume, mzima. Nikifika pale chini barabarani naanza kuimba kwa hii sauti yangu mbaya, wapita njia wanacheka, na sinyamazi mpaka Apio atokeze mlangoni.

"Nimekusikia, mama," anasema. "Nyamaza sasa, mutoto amelala."